Kumuuguza mpendwa mwenye demensia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa anayeuguza nyumbani: mtoto, mke, mume, mjukuu, au yeyote aliyejikuta na jukumu ambalo hakulisomea. Kama mgonjwa wako amebadilika ghafla leo au jana, usianzie hapa juu. Nenda kwanza kwenye swali linaloanza na maneno "Juzi alikuwa sawa".

Kusahau si uzee tu?

Uzee hupunguza kasi ya kukumbuka, lakini hauondoi ujuzi. Mzee anayesahau alikoweka miwani, kisha akakumbuka baadaye, hana neno. Anayeishika miwani asijue ni ya nini, anayepotea kwenye njia aliyoipita maisha yake yote, anayelipa deni moja mara tatu au kushindwa kazi aliyokuwa akiifanya bila kufikiri, huyo apelekwe hospitali. Tena si lazima ugonjwa uanze na kusahau. Wengine huanza kwa kubadilika tabia: mtu mpole anakuwa mwenye matusi, au mwangalifu wa fedha anaanza kuzitapanya.

Kabla hamjakubali jina la demensia, ulizeni kama sababu zinazotibika zimeangaliwa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi inayofanya kazi chini ya kiwango, sonona, na damu iliyovilia juu ya ubongo baada ya kuanguka vinaweza kumfanya mtu aonekane amepotewa na akili. Hata dawa zinaweza. Pelekeni kwa daktari dawa zote anazotumia, pamoja na zile za kununua bila cheti, kwa sababu baadhi ya dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi huwavuruga sana wazee.

Daktari mmoja amesema demensia, mwingine amesema Alzheimer. Ni magonjwa mawili?

Demensia ni jina la hali: akili kudhoofika hadi mtu ashindwe shughuli zake za kila siku. Alzheimer ni mojawapo ya magonjwa yanayoleta hali hiyo, na ndiyo inayoongoza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Inayobaki hutokana na mishipa ya damu ya ubongo (mara nyingi baada ya kiharusi), na ugonjwa wa Lewy, na magonjwa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Wapo wenye mchanganyiko.

Mgonjwa wa kwanza kuelezwa na Alois Alzheimer, mwaka 1906, alikuwa mwanamke aitwaye Auguste Deter, naye alifariki akiwa na miaka 55. Kwa hiyo anayekwambia "huyu bado mdogo, hawezi kuwa na ugonjwa huo" msikilize kwa adabu, kisha mpeleke mgonjwa wako kupimwa.

Aina ya ugonjwa si jambo la makaratasi tu. Mwenye ugonjwa wa Lewy, ambaye mara nyingi huona watu au wanyama wasiokuwapo na kutembea kwa kukakamaa, anaweza kudhurika vibaya akipewa dawa za kutuliza kama haloperidol. Kama hilo ndilo linaloshukiwa, liandikwe kwenye cheti chake na kila anayemhudumia alijue.

Kuna dawa ya kuponya?

Hakuna. Donepezil, rivastigmine, galantamine na memantine husaidia dalili kwa baadhi ya watu na kwa muda. Dawa mpya kama lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi ya Alzheimer ikiwa bado changa, lakini zinaweza kuvimbisha ubongo au kusababisha damu kuvuja humo, kwa hiyo anayezitumia hupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Anayekuuzia mitishamba au vidonge vya "kurudisha kumbukumbu" anakuuzia matumaini yako mwenyewe.

Anauliza jambo lile lile kutwa nzima. Nitafanyaje nisipandwe na hasira?

Kwako ni mara ya ishirini, kwake ni mara ya kwanza. Jibu la mara ya kumi na tisa halikuhifadhiwa popote. Ukimwambia "nimeshakwambia", haelewi kosa lake liko wapi. Anachokipata ni ule ukali tu.

Sikiliza hofu iliyo nyuma ya swali. Anayeuliza "Tunaondoka saa ngapi?" huenda anaogopa kuachwa, na jibu analolihitaji ni "Niko hapa, tutaondoka pamoja," si saa. Jibu kwa sentensi fupi, mguse mkono, halafu mpe kitu cha kufanya: nguo za kukunja, vyombo vya kufuta. Usimtangazie safari ya keshokutwa. Mwambie mkiwa mmeshavaa. Na kama sauti yako imeanza kupanda, toka chumbani dakika tano. Hilo nalo ni sehemu ya uuguzaji.

Anamuulizia mama yake, aliyefariki miaka mingi. Nimwambie ukweli?

Hili ndilo swali linalogawa familia kuliko yote, nami nina msimamo. Ukimwambia "mama alishakufa", unampa msiba mpya. Atalia kama ndiyo anaupokea. Baada ya nusu saa atakuwa ameyasahau maneno yako, lakini simanzi itakuwa bado imemkalia asijue imetoka wapi.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za kuhuzunisha na za kufurahisha. Dakika chache baadaye wagonjwa walikumbuka kidogo sana, au hawakukumbuka lolote, katika walichokitazama; huzuni na furaha ziliendelea kubaki nao. Shika hilo, kwa sababu ndilo msingi wa karibu kila jibu lililoko hapa: tukio linafutika, hisia inabaki. Ulichomwambia asubuhi kitapotea, namna ulivyomwambia itakaa naye hadi mchana.

Basi mwulize habari za huyo mama. "Unamkumbuka leo, eeh? Alikuwa mtu wa namna gani? Alikuwa akikuitaje?" Hujadanganya na hujamuumiza, na mara nyingi alichokitaka ni kuwa karibu na mtu anayempenda. Lakini yupo mgonjwa wa mwanzoni ambaye atakutazama usoni na kuuliza, "Mama amekufa, sivyo?" Huyo mjibu kwa upole kwamba ndiyo, na ukae naye. Kuhusu uongo mdogo wa kumtuliza, kama "amesafiri", sioni dhambi kubwa ndani yake pale njia nyingine zinaposhindikana. Hatari yake ni kwamba wagonjwa wengi hunasa uongo kuliko tunavyodhani, na akishaacha kukuamini kila kitu kinakuwa kigumu.

Ananituhumu kuwa nimemwibia fedha zake. Inaniuma sana.

Pole. Tuhuma hizi kwa kawaida humwangukia aliye karibu zaidi, yaani yule anayefanya kazi kubwa kuliko wote. Mgonjwa ameficha mkoba, amesahau kuwa aliuficha, na ubongo wake unalijaza lile pengo kwa maelezo yanayoonekana ya kweli: mkoba haupo, wewe ulikuwapo, basi wewe ndiye. Kujitetea kunamthibitishia. Mwambie, "Mkoba umepotea? Hilo linasumbua kweli. Ngoja tuutafute." Jifunze maficho yake, chini ya godoro, ndani ya viatu, na upekue takataka kabla ya kuzitupa. Kitu anachokitafuta kila siku, kama mkoba au miwani, nunua cha pili kinachofanana nacho.

Ila usipuuze kila tuhuma. Wagonjwa wa demensia huibiwa kweli, na wanaowaibia wanategemea kwamba hakuna atakayewaamini.

Yuko nyumbani kwake lakini anataka "kurudi nyumbani".

Nyumbani anakokutaka huenda ni mahali alipokuwa mtoto, au ni ile hali ya kujisikia salama. Usimwonyeshe hati ya nyumba. Angalia kwanza mambo ya mwili: njaa, baridi, haja ndogo, maumivu. Kisha mwambie, "Haya, tutembee kidogo," mzunguke nje, mrudi. Wengi wakirudi wanakuwa wamefika nyumbani.

Jioni anakuwa mtu mwingine, na usiku halali.

Jua linapoelekea kuzama wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi. Uchovu wa siku, vivuli, na saa ya mwili iliyovurugika vyote vinachangia. Washa taa kabla giza halijaingia. Funga mapazia mapema, kwa sababu kioo cha dirisha usiku humwonyesha mtu asiyemjua akimtazama. Kioo cha ukutani kikimtisha, kifunike. Zima televisheni, hasa habari za vita na ajali, maana anaweza kuamini yanatokea sebuleni. Mchana apate mwanga wa jua na kutembea, usingizi wa mchana uwe mfupi, kahawa na chai viishie asubuhi.

Dawa za usingizi zinavutia, najua. Kwa mzee mwenye demensia huongeza kuchanganyikiwa na kuanguka, na nyonga ikivunjika hesabu zote zinabadilika. Mwone daktari kwanza.

Anakataa kuoga na kubadili nguo. Nimejaribu kila njia.

Jiweke mahali pake. Mtu ambaye huna hakika ni nani anakuingiza kwenye chumba chenye baridi na mwangwi, anakuvua nguo, kisha anakumwagia maji kichwani. Nani asingepigana? Anachokataa si usafi. Anakataa hofu, baridi na aibu, kwa hiyo ondoa hivyo kimoja kimoja.

Andaa kila kitu kabla ya kumwita: taulo, sabuni, nguo safi, maji uliyoyapima kwa mkono wako. Chumba kiwe na joto. Usimuulize "Unataka kuoga?" kwa kuwa jibu ni hapana, mwambie "Maji yako tayari," na mwende pamoja. Mfunike taulo begani na mapajani, ufunue sehemu unayoiosha tu. Mpe kitambaa ajisugue anapoweza, hata kama anasugua pale pale. Anza na miguu na mikono. Kichwa kiwe mwisho, au siku nyingine kabisa, kwa sababu maji usoni ndiyo yanayowatisha wengi. Mweleze kila hatua kabla hujaifanya. Kiti imara, mkeka usioteleza na vishikio ukutani vinamlinda yeye na mgongo wako.

Angalia pia ni nani anayeogesha. Mama anayemkatalia mwanawe wa kiume anaweza kumkubali binti au muuguzi asiye ndugu. Hilo ni staha yake, na staha hudumu kuliko majina ya watu. Akikataa kabisa, mwache, urudi baada ya nusu saa kana kwamba hakukutokea kitu. Si lazima aoge mwili mzima kila siku: mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, ilimradi uso, mikono, makwapa na sehemu za siri zinafutwa kila siku na nepi inabadilishwa mara inapolowa. Nguo anayoipenda na haitaki kuivua, nunua mbili za aina moja.

Juzi alikuwa sawa, leo anaweweseka, au analala tu. Ugonjwa umeruka hatua?

Hapana, na usisubiri. Demensia nyingi hushuka polepole, kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya ndani ya saa au siku chache yana maana kwamba kuna ugonjwa mwingine juu yake: maambukizi ya njia ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji mwilini, choo kilichofunga, mkojo uliozuilika, dawa mpya, au kichwa kilichogongwa. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto kupanda, kwa hiyo kipimajoto kisikudanganye. Anayepiga kelele hupelekwa hospitali haraka. Yule aliyenyamaza na kusinzia kutwa husemwa "leo ametulia", naye ndiye anayechelewa kutibiwa.

Mpeleke siku hiyo hiyo. Akiwa amepinda uso, mkono umelegea au maneno yanakokota, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Nenda dakika hiyo. Beba dawa zake zote, na umweleze daktari kwa maneno mafupi kawaida yake ilivyokuwa: "Wiki iliyopita alikuwa anakula mwenyewe na kuniita kwa jina." Usipolisema hilo, mtu asiyemjua ataona mzee mwenye demensia na kudhani ndivyo alivyo siku zote.

Anatoka na kupotea.

Avae bangili au kadi yenye jina na namba yako ya simu. Weka picha yake ya karibuni kwenye simu, na majirani wajue hali yake. Siri hapa haimsaidii mtu. Komeo liwe juu sana au chini sana mlangoni, mahali ambapo macho yake hayaendi, lakini usimfungie ndani peke yake hata kwa dakika kumi: moto ukitokea hatatoka. Akitoweka, tafuteni kwanza karibu na nyumba, kwenye maji na barabara kubwa, na alikowahi kuishi au kufanya kazi. Toeni taarifa polisi mapema.

Hataki kula, na akila anapaliwa.

Chanzo kinaweza kuwa meno yanayouma, vidonda mdomoni, au kelele za mezani. Sahani yenye rangi tofauti kabisa na chakula humsaidia kukiona. Mpe chakula cha aina moja kwa wakati mmoja, na vya kushika kwa vidole kama kijiko kimemshinda. Akae wima wakati wa kula na nusu saa baada yake. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikiwa na majimaji baada ya kumeza, aangaliwe na mtaalamu wa kumeza, kwa kuwa chakula kinachoingia mapafuni huua.

Ugonjwa ukiwa umefika mbali huenda mkaambiwa kuhusu mpira wa kulishia. Ushahidi uliopo hauonyeshi kwamba unarefusha maisha au kuzuia homa ya mapafu kwa wagonjwa wa hatua hiyo, na vyama vya madaktari wa wazee hushauri kulisha kwa mkono, kidogo kidogo, kadiri anavyopenda.

Ananipiga. Apewe dawa za kumtuliza?

Kwanza rudi nyuma hatua moja, usimshike mikono, punguza sauti. Kisha jiulize nini kilitangulia. Mtu aliyepotewa na maneno hupiga kwa sababu hana njia nyingine ya kusema "inauma" au "naogopa". Maumivu ndiyo yanayosahaulika zaidi: tazama uso anapokunja goti, sikiliza pumzi, angalia kama analinda sehemu fulani ya mwili. Mgonjwa mwingine "mkorofi" ametulizwa na dawa ya kawaida ya maumivu.

Dawa za kundi la haloperidol na risperidone zina nafasi yake pale ambapo kuna hatari ya kweli na njia nyingine zimeshindwa, kwa dozi ndogo na muda mfupi. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa mpya za kundi hilo, baadaye likahusisha na za zamani, kwamba huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Uliza zitaangaliwa upya lini, na usikubali jibu la "aendelee tu".

Mali, sahihi na maamuzi ya matibabu?

Mapema, angali anaweza kujieleza. Achague mwenyewe nani amsimamie kisheria na matibabu gani hayataki, mbele ya mwanasheria. Mkichelewa, mahakama au ugomvi wa ndugu ndio utakaoamua.

Hanitambui tena. Kuna maana ya kuendelea kwenda?

Ipo. Jina lako limepotea. Wewe hujapotea wote. Utaona mabega yakishuka ukiingia, au mkono ukitafuta wako. Usimfanyie mtihani wa "mimi ni nani?" Jitambulishe: "Shikamoo baba, ni mimi, mwanao." Mwimbie nyimbo za ujana wake, kwa sababu muziki hubaki hata maneno yanapokauka. Kama alikulia kwenye lugha nyingine, mletee mtu wa kuizungumza naye. Wengi huirudia lugha ya utotoni. Akikuita kwa jina la dada yake, itika.

Hatua ya mwisho inakuwaje?

Analala zaidi, anakula kidogo, maneno yanaisha, kumeza kunakuwa kugumu. Wengi hufariki kwa homa ya mapafu. Ombeni huduma ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, kabla ya wiki za mwisho. Nyumbani kazi ni chache lakini za lazima: kumgeuza kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulalia, kulowanisha mdomo, kuondoa maumivu, na kuzungumza naye kama anayesikia.

Nimechoka kiasi kwamba kuna siku natamani yaishe. Mimi ni mtu mbaya?

Hapana. Wauguzaji wengi hufika hapo, wachache hulisema. Unatamani mateso yaishe, yake na yako, na wakati huo huo unamlilia mtu ambaye bado yuko hai. Lakini kama unakosa usingizi wiki kwa wiki, unalia bila sababu, au umeanza kumshika kwa nguvu kuliko inavyohitajika, hiyo ni dalili ya kutafuta daktari na mtu wa kukupokea, leo, si baada ya sikukuu. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, mwite mtu aje sasa hivi. Kumpeleka kwenye kituo cha matunzo, mahali kinapopatikana na ni kizuri, si kumtupa.

Ndugu zangu wanashauri kwa simu tu. Nifanyeje?

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, asilimia 70 ya saa za kuwauguza watu wenye demensia hubebwa na wanawake. Ndani ya familia nyingi hesabu ni mbaya zaidi: ni mwanamke mmoja. Ombi la jumla kama "nisaidieni" hupita hewani. Toa kazi yenye jina na siku: "Kaka, wewe lipia nepi na dawa kila mwezi. Wewe mdogo wangu, Jumamosi njoo ukae na mama kuanzia asubuhi hadi jioni, mimi natoka." Anayedai mama hana tatizo kwa kuwa walizungumza vizuri simuni dakika tano, msibishane. Mwachie mama kwa siku mbili, na umwandikie saa za dawa.